Vyungu vya Mtama Katika Kitalu cha Mboga

Wajukuu wangu, mkinikuta nimechuchumaa shambani, nimeng'oa mche wa nyanya wa mtu na kuunusa mizizi, msiite watu. Akili yangu nzima. Ni ugonjwa wa kazi tu, kama fundi cherehani anavyolitazama pindo la suruali yako kabla hajaitikia salamu. Nimefanya kazi katika kitalu cha mboga hapa Hombolo miaka thelathini na miwili, na mche nauanzia chini. Majani yanaweza kukudanganya. Ukimwagia mbolea leo, baada ya siku chache yanakuwa ya kijani hata kama mche wenyewe hauna maisha. Mizizi haijui kuficha.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi, ninyi mnaosoma kilimo chuoni na ninyi mnaolima bila kusoma. Nadhani mlitegemea niwatie moyo. Ninayoyajua nitawaambia yote, safari hii sibakizi kitu. Ila moyo wa kuwatia sina, na mkifika mwisho mtajua ulikokwenda.

Nianze na neno fangasi, maana hapo ndipo watu hukimbia. Ukisema fangasi, mwenzako anaanza kujikuna vidole vya miguu. Mkulima naye anakumbuka kinyausi, ule ugonjwa unaoikata miche shingoni: jioni umeiacha imesimama, asubuhi imelala chini kama imefyekwa. Hao wabaya wapo, sikatai. Lakini wapo wengine wanaoingia ndani ya mizizi na hawaui. Wanatandaza nyuzi nyembamba mno, zinakwenda mbali, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, na kutoka huko zinaleta maji na fosfeti. Mche nao unawalisha sukari. Ni kama mtoto anayetumwa maji kisimani. Akirudi na ndoo anapewa kiporo, na kesho akitumwa haguni.

Anayewahitaji kuliko wote ni kitunguu. Kitazameni mizizi yake: minene, michache, haina vinyweleo vya maana. Ni mizizi ya bwana mkubwa, inangoja kuletewa. Nyanya, pilipili na bilinganya zinaweza kujihangaikia kidogo, lakini zikipata wasaidizi hao zinakua haraka, na ukizihamishia shambani hazilegei wiki nzima kama mgonjwa wa malaria. Kabichi, Chinese, figili na mchicha hazina habari nao. Mlango wao umefungwa. Ukiwaweka fangasi hawa kwenye kabichi umewaweka mahali pasipo na chakula, na watakufa polepole bila wewe kuona chochote, maana kabichi yenyewe itanawiri. Shikeni hapo kwenye kabichi.

Aliyenifundisha haya hakuwa na cheti. Aliitwa Mzee Ndahani, Mgogo mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa zamani, kibarua wa kitalu tangu kitalu chenyewe kilipokuwa matuta manne na karai moja. Kusoma hakujua. Fangasi hakuwaita fangasi, aliwaita wenyeji. "Udongo huu una wenyeji," angesema. Au angeufinyanga mkononi, auangalie kwa huruma, aseme, "Huu wenyeji wamehama."

Ukutani upande wa kivuli alikuwa na vyungu vitatu vikubwa, na ndani ya vyungu hivyo alipanda mtama. Fikirieni: kitalu cha mboga, watu wanakuja kutoka Mlali mpaka Haneti kutafuta miche ya vitunguu, na mzee anamwagilia mtama kwenye vyungu. Tulimcheka. Tulimwambia anaandaa pombe yake ya kustaafia. Akaendelea kumwagilia.

Sasa mimi ndiye niwaambie alichokuwa akifanya. Wenyeji hawa hawawezi kuishi peke yao, lazima wawe na mzizi ulio hai wa kuwalisha. Mtama una mizizi mingi na unawapokea vizuri. Kwa hiyo kila mvua zilipoanza Mzee alipanda mtama mle vyunguni. Ukikaribia kukomaa aliacha kuumwagilia, akaukata usawa wa udongo, akaacha mizizi na udongo vikauke pamoja kivulini. Juani hapana, jua la Dodoma ni kikaango. Kisha alivunjavunja ile mizizi ikabaki humo humo. Siku ya kusia vitunguu alichukua konzi moja moja ya udongo ule na kuuweka chini ya mstari wa mbegu. Chini, si juu, ili mzizi ukishuka uwakute njiani. Alichokitoa chunguni alikifidia kwa udongo wa kawaida, na mtama uliofuata ukaujaza wenyeji tena. Hakuweka mbolea ya chumvichumvi mahali hapo. Alikuwa akisema mche ukishiba unamfukuza jirani, na wataalamu wa hadubini baadaye walinithibitishia ni kweli, fosfeti ikizidi mche hauwapokei.

Mbegu ya kwanza ya udongo ule aliitoa kwenye mahame ya wazazi wake, kando ya njia ya kwenda mjini, kwenye kichaka cha mitundulu, ile miti ya miiba, ambako jembe halikuwahi kuingia. Kila mwaka aliubakiza udongo wa chungu kilichofanya vizuri katika ukame na kuumwaga wa kilichozembea. Alichagua hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nataka mkumbuke hiyo miaka.

Mimi nilipofika nilikuwa binti wa cheti, na nikapelekwa semina. Huko tukaambiwa udongo wa kitalu lazima usafishwe, uchemshwe kwa mvuke kwenye pipa, ndipo kinyausi kife. Nilirudi nimevimba kichwa. Mzee Ndahani alikuwa amekwenda msibani Mlali, miezi miwili, mpaka arobaini ipite na mirathi igawanywe. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu, atakaporudi akute kitalu kipya. Nilikoka moto chini ya pipa, nikapika udongo wa matuta yote ya vitunguu. Nikafika kwenye vyungu vyake. Mtama ulikuwa umeshakatwa, ndani kuna udongo mkavu wenye vipande vya mizizi iliyooza na harufu ya kichaka. Nikasema uchafu huu ndio unaotuletea magonjwa. Nikamimina chungu cha kwanza kwenye pipa. Nikamimina cha pili.

Kuni zikaisha. Nilihangaika kutafuta kuni nyingine sikupata, nikakiacha cha tatu kwa hasira.

Vitunguu vilichipua safi kabisa, kinyausi hakikuonekana hata tuta moja. Nilitembea pale kitaluni kama bibi harusi. Wiki ya tatu nikaanza kuhisi kitu. Miche ilikuwa imesimama. Haikufa, haikuumwa, ilisimama tu, myembamba, ncha zake zikigeuka zambarau, wiki ya nne, ya tano, ya sita. Wakulima walikuja na matenga wakarudi nayo matupu. Mama mmoja wa Haneti aliyekuwa ametembea na kupanda magari mawili aliniangalia, akasema, "Binti, ulivipa nini vitunguu vyetu?" Akageuka na kwenda kukaa kivulini kungoja usafiri, na mimi nikaingia stoo kulia.

Mzee aliporudi nilimweleza yote, nikingoja anitukane. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kuni ziliisha?"

"Ziliisha, Mzee."

"Mungu mkubwa," akasema, na akaenda kukikumbatia kile chungu cha tatu, kweli alikikumbatia, na mikono mirefu ile.

Halafu akaniita. Siku ile ndiyo aliyonieleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho, mpaka jua likazama. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza mapema. Alisema, "Mapema usingesikia." Kutoka chungu kile kimoja tulirudisha vitatu, ilituchukua misimu miwili. Alipofariki, vyungu vikawa vyangu. Miaka iliyofuata watu walitoka mbali kuchukua miche ya Hombolo. Walisema haifi. Walidhani ni maji ya bwawa letu la hapa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Miaka minne kabla sijastaafu aliletwa binti mwenye stashahada, Neema, wa kurithi nafasi yangu. Mchapakazi, ana adabu, shikamoo yake haikosekani, na hadubini anaijua kuliko mimi. Siku moja nilikuta amesia Chinese kwenye chungu kimojawapo. Aliona kipo wazi, akaona ni nafasi. Jamani, hapo ndipo palipokuwa pahali pangu pa kusema. Mzee Ndahani angemkalisha chini mpaka jua lizame. Mimi nilifanya nini? Nilitabasamu. Niling'oa zile Chinese kimya kimya, nikapanda mtama, nikasema, "Mwanangu, vyungu hivi niachie mimi."

Nilimficha, na nilijua namficha. Wasomi walikuwa wengi mno pale kitaluni, kila siku wanaongea, na mimi mwenye cheti cha zamani nilibaki na kitu kimoja tu ambacho hawakuwa nacho. Nilifikiri, nikiondoka watakwama, watanipigia simu, watanileta na gari, watasema mama tusaidie. Mwanzoni nilijipa sababu nzuri, kwamba atakayetaka kujua atauliza. Mwishoni hata sababu sikujipa.

Siku ya kuniaga nilipewa kitenge na saa ya ukutani, watu wakahutubia. Nilimvuta Neema pembeni nikamwambia, "Kila mvua zikianza panda mtama kwenye vyungu vile, na weka konzi chini ya vitunguu." Aliitikia. Sikumwambia kwa nini. Simu ilikuja mara moja tu katika miaka yote iliyofuata. Walikuwa wanatafuta ufunguo wa stoo.

Mwaka wa nne wa kustaafu nilikwenda kitaluni kuchukua miche ya vitunguu kwa ajili ya kipande changu cha shamba. Neema alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Niliiona miche kabla sijakaa. Ilikuwa imesimama. Ncha za zambarau. Niling'oa mmoja, nikauosha kwenye ndoo, nikaunusa. Ulikuwa na harufu ya maji ya bomba.

"Vyungu viko wapi?" nikauliza.

"Vipo, Mama. Njoo uone, tumeviweka pale mbele wageni wanapopita." Vilikuwa vimepakwa chokaa, vimejaa kabichi nzuri, kubwa, za kupiga picha.

Alinieleza bila kuficha. Mwaka wa kwanza alipanda mtama kama nilivyomwambia. Kweleakwelea wakaja, wakaharibu na miche mingine. Bosi akauliza mtama unafanya nini katika kitalu cha mboga. "Nikamwambia mama aliniagiza," Neema alisema. "Akaniuliza sababu. Mama, sababu sikuwa nayo." Kwa hiyo wakapanda kabichi, misimu mitatu mfululizo, na kila msimu wakamwagilia dawa ya kuua fangasi kwa sababu wageni hawapaswi kuona madoa.

Niliomba kigari, nikavibeba vyungu vyangu nyumbani siku hiyo hiyo, nikang'oa kabichi zao zote, nikapanda mtama. Na sikuishia hapo. Nilifunga safari mpaka kwenye mahame ya kina Mzee Ndahani na ndoo yangu. Niliipita ile njia mara mbili nisiitambue. Pamepimwa viwanja. Mahali pa kichaka pana msingi wa nyumba, na mwenye kiwanja, mtumishi mmoja wa serikali, kijana, alikuwepo akisimamia mafundi.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini?"

"Marahaba, baba. Natafuta udongo."

"Wa kujengea? Nina moramu ya kutosha, chukua."

"Natafuta ule uliokuwepo. Wa juu, wa kichakani."

Akanionea huruma. "Ule greda liliukwangua mama, likausukuma korongoni. Na mvua za mwaka juzi zilivyokuwa." Hata hivyo alinisaidia kuchimba pembeni, penye nguzo ya uzio, tukapata nusu ndoo ya udongo mwekundu. Aliibeba mwenyewe mpaka barabarani. Sina ugomvi naye, na yeye anahitaji pa kulala.

Udongo ule niliuweka chungu cha kwanza, vile viwili vingine nikaviacha na udongo wao. Mtama ukaota kote. Nilimwagilia miezi mitatu na nilikuwa naongea nao, sioni haya kusema. Ulipofunga mbegu nilikata mizizi kutoka vyungu vyote, nikaipeleka kwa Neema. Aliichemsha kwenye dawa mpaka ikawa myeupe, akaitia wino na siki. Wenyeji wakiwemo, wino unawashika, unawaona ndani ya mzizi kama mishipa ya buluu. Zamani niliwaona hivyo mara nyingi, mizizi imejaa mpaka unaona raha.

Neema aliinamia hadubini muda mrefu. Akabadilisha kioo. Akabadilisha tena. Tulikuwa wawili tu mle chumbani na feni inalia.

"Mama," akasema, "hivi viwili hakuna kitu. Hiki cha udongo mwekundu kuna uzi mmoja, hapa mwishoni. Siwezi kukuambia ni wa nani."

Najua mtakachoniambia, ninyi wa chuoni. Mtasema fangasi hawa wako kila mahali, hata chini ya mtama wa jirani yangu wapo. Ni kweli, wapo. Chukueni udongo huo, pandeni vyungu vyenu, mtapata kitu. Lakini wale waliochaguliwa ukame baada ya ukame, kwa macho ya mtu aliyewajua, hao mtawapata baada ya miaka ishirini ya kupanda mtama na kuchekwa. Mimi ishirini sina. Na ninyi, nisameheni, sidhani mtakaa miaka ishirini mahali pamoja. Nimewaona. Msimu mmoja ukikataa mnahamia kuku wa mayai.

Kabla sijaondoka Neema alizima taa ya hadubini, akabaki ameshika kile kioo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Nikatoa lile jibu nililokuwa nimelitunza miaka yote. "Mwanangu, hukuniuliza."

Aliniangalia bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Ningeulizaje, Mama? Nilikuwa sijui kama kuna kitu."

Nilikunja kanga yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Mzee Ndahani alinisamehe vyungu viwili kwa sababu kuni ziliisha. Vitatu hivi hakuna aliyebaki wa kunisamehe, ukimwondoa Neema, na yeye nimeona haya kurudi kumwomba. Nilimwandikia tu haya yote kwenye daftari, yale ya mtama, ya kivuli, ya konzi chini ya mbegu, nikampa mpanda bodaboda ampelekee. Aliponipigia kushukuru sikupokea simu. Hii mnayosoma ni nakala ya daftari lile, pamoja na yale ambayo kwake nilishindwa kuyaandika.

Vyungu vipo hapa kwangu, upande wa kivuli. Viwili nimevifunika. Kile chenye udongo mwekundu kuku amekichagua kutagia, na sikumfukuza. Mkipita Hombolo ingieni, mayai nitawapa. Udongo sina.